Moja kwa Themanini na Saba

Sanduku lilifika kwa posta, Jumanne ya theluji,
na cheti chake: namba sitini na mbili kati ya mia tatu,
saini ya mtu nisiyemjua, mhuri wa buluu.
Nikalipasua kwa kisu cha mkate.
Ndani ya sifongo nyeusi imelala injini ya baba,
gramu mia nne na kumi na mbili,
nami nimeketi nayo mezani, Jagna binti Wincenty,
mhasibu mstaafu,
naitafutia kasoro.

Vipimo vyao ni sahihi, siwasingizii.
Ribiti nimezihesabu kwa lenzi ya kusomea vibandiko vya dawa,
upande wa kushoto haikupungua hata moja.
Namba ubavuni ni ileile niliyojifunza kuisoma
kabla sijajua kuandika jina langu.
Ukiisukuma kwa kidole, mikono ya chuma inakwenda,
inarudi, inakwenda, kimya,
kama mtu anayekanda unga usingizini.

Lakini birika liko wapi?
Lilining'inia pale, kwenye ndoano karibu na tanuri,
na chai yake ilikuwa na ladha ya msumari.
Na kile kibonyeo cha mwaka wa barafu kuu,
nguzo ya maji ilipoangukia boila,
baba akasema ni yeye, ili dereva asikatwe mshahara?
Na masizi? Mama alifua mashati miaka ishirini na sita,
na lile la kumzikia nalo
likatoa maji meusi.
Mtengenezaji angeyajuaje haya?
Alipewa michoro. Hakupewa mashati.

Yenyewe ingalipo, Poland hiihii, vituo viwili kutoka kwangu,
nyuma ya karakana, kwenye reli isiyokwenda popote.
Mti wa gome jeupe umeota ndani ya behewa la makaa.
Shaba yote iliibwa zamani;
filimbi, nasikia, iko baa, wanaipuliza mtu akioa.
Mnunuzi wa vyuma chakavu huja kila masika
akaipigia hesabu kwa kilo.
Nami nikapiga yangu, mazoea ya kazi:
kwa bei ya hii ya mezani ningeuziwa ile ya kweli
gurudumu moja na ushei,
pamoja na risiti.

Jumapili nikaipeleka.
Niliizungushia skafu, nikaitia mkobani kando ya mkate.
Mlinzi, Ksawery, alinuka vitunguu na dizeli.
Alichungulia skafu, akachungulia lile lijichuma nyuma yake.
«Umemletea mwanawe?»

Sikujibu. Niliiweka juu ya reli,
reli moja tu ikaitosha, na nafasi ikabaki pande zote,
kama kupe kwenye uti wa ng'ombe.
Nilingoja kulia. Pua tu ndiyo iliyotoka, kwa baridi.

Nilipoinama kuichukua ndipo nikamwona,
kibandani, mtu wa plastiki, hafiki nusu ya kidole changu cha mwisho,
beleshi mkononi, mgongo umepinda.
Uso walimpaka upesiupesi:
macho nukta mbili, mdomo mstari.
Nyusi hawakumpa. Walibana rangi, nadhani.

Baba hakuwa na nyusi.
Tanuri lilizichukua kabla sijazaliwa,
likazichukua tena kila zilipothubutu kuota,
na mimi utotoni nilidhani ndivyo baba wote walivyo,
hadi siku ya kwanza ya shule, mwalimu wa hesabu aliponiinamia
na yale manyoya mawili juu ya macho,
nikapiga kelele.

Ksawery akasema wanafunga saa tisa.
Theluji ilikuwa imeanza tena, imetua juu ya boila zote mbili,
kwa hii chembe moja, kwa ile mabegani mote.
Nikamfunga skafu.
Beleshi likanasa uzi.
Sikuukata.